Eugène Simon

Eugène Louis Simon (Paris, 30 Aprili 1848 – Paris, 17 Novemba 1924) alikuwa mwanazoolojia kutoka Ufaransa aliyeshughulika hasa na buibui. Anahesabiwa kuwa mmoja wa waasisi wa araknolojia, yaani elimu ya buibui, nge na jamaa zao. Katika miaka 60 ya kazi alieleza takriban spishi 4,000 pamoja na mamia ya jenasi. Mojawapo ya jenasi hizo ni Smeringopus, buibui wenye miguu mirefu wa familia Pholcidae, ambao asili yao ni Afrika na ambao huonekana kwenye pembe za dari katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki.

Simon hakufanya utafiti katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hata hivyo mwanafunzi wa Tanga au Lushoto anayetaka kujua jina la buibui aliyemkuta nyumbani kwao, mara nyingi atakutana na jina la mtu huyu likifuata jina la jenasi, pamoja na mwaka. Namna jambo hilo lilivyotokea, na matatizo yaliyobaki baadaye, ni sehemu kubwa ya habari za maisha yake.

Ujana na kitabu cha kwanza

Simon alizaliwa Paris na kuishi huko sehemu kubwa ya maisha yake. Alianza kukusanya buibui akiwa bado mtoto. Mwaka 1864, akiwa na umri wa miaka 16, alitoa kitabu chake cha kwanza, Histoire naturelle des araignées (yaani "Historia asilia ya buibui"), chenye kurasa 540. Kwa kijana wa umri huo ilikuwa kazi ya ajabu, ingawa yeye mwenyewe baadaye aliona haitoshi na akaiandika upya kabisa.

Hata hivyo kitabu hicho cha ujanani hakikupotea bure. Ndani yake alitenga jenasi kadhaa ambazo zinatumika mpaka leo. Moja ni Cyrtophora, buibui wanaotengeneza utando mzito uliolala kama hema juu ya vichaka, katani, michungwa na minyaa, mara nyingi wengi pamoja. Nyingine ni Argyrodes, buibui wadogo wenye rangi ya fedha ambao huishi katika tando za buibui wengine na kuwaibia chakula. Anayetazama kwa makini utando wa Cyrtophora anaweza kuwakuta wote wawili pamoja, mwenyeji na mwizi wake, na majina yao yote mawili yalitolewa na kijana wa miaka 16.

Simon alijiunga mapema na Société entomologique de France, chama cha wanaentomolojia wa Ufaransa, na baadaye alikuwa rais wake. Hakuwa mtu wa kutegemea mshahara wa chuo kikuu. Alifanya utafiti kwa nafasi yake mwenyewe, akishirikiana kwa karibu na Makumbusho ya Taifa ya Historia Asilia ya Paris, ambako mkusanyo wake unahifadhiwa hadi sasa.

Buibui wa Ufaransa

Mwaka 1874 alianza kutoa mfululizo Les Arachnides de France ("Arakinida wa Ufaransa"). Kitabu hiki kilieleza buibui wa nchi yake, familia baada ya familia, na juzuu la saba, lililotoka mwaka 1879, lilihusu nge na arakinida wengine. Juzuu la sita ndilo lililochelewa. Lilikuwa na familia ngumu kuliko zote, na sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1914, miaka 40 baada ya juzuu la kwanza. Simon hakuimaliza. Baada ya kifo chake wanafunzi na marafiki wake Lucien Berland (1888–1962) na Louis Fage (1883–1964) walitumia maandishi aliyoyaacha, wakaongeza ya kwao, na sehemu ya mwisho ikachapishwa mwaka 1937.

Wakati huohuo alikuwa akipokea vichupa vya buibui kutoka kila upande wa dunia. Karne ya 19 ilikuwa wakati wa meli za mvuke na makoloni, na kila ofisa, daktari, mmisionari au mfanyabiashara aliyekuwa na hamu ya elimu ya viumbe aliweza kutuma sampuli Ulaya. Buibui wengi walifika kwa Simon kwa sababu watu wachache walikuwa tayari kuwashughulikia. Vipepeo na mende walikuwa na wapenzi wengi, buibui hawakuwa nao.

Katika miaka hiyo alitenga pia jenasi mbili ambazo watu wa Afrika ya Mashariki huziona bila kujua majina yake. Menemerus (1868) ni buibui-mrukaji bapa anayewinda nzi juu ya kuta za nyumba mchana kweupe. Stegodyphus (1873) ni buibui wa nyika. Spishi kadhaa zake huishi kwa makundi katika kiota kimoja cha hariri chafu, kilichojaa majani makavu na mabaki ya wadudu, kwenye migunga. Katika jenasi hii watoto humla mama yao mwishoni mwa malezi.

Safari

Simon hakubaki mezani tu. Alisafiri Hispania, Korsika, Aljeria na Misri, kisha akafanya safari nne za mbali ndani ya miaka michache: Venezuela (Desemba 1887 – Aprili 1888), Visiwa vya Filipino (Machi na Aprili 1890), Sri Lanka (Januari na Februari 1892), na Afrika ya Kusini (Januari – Aprili 1893). Hakuwakusanya buibui peke yao. Mende, siafu, konokono na wengineo waliotoka katika safari zake waligawiwa wataalamu wengine, na kwa hiyo kuna makala nyingi za watu mbalimbali zenye jina la safari ya Simon katika kichwa chake.

Huko Venezuela alitazama buibui wanaoishi kwa ujamaa katika tando kubwa zinazofunika miti, naye ni miongoni mwa watu wa kwanza walioandika kwa makini juu ya tabia hiyo. Huko Luzon, Filipino, aliingia mapangoni kutafuta buibui wa gizani, na shughuli ya mapango ilibaki naye mpaka mwisho wa maisha yake.

Safari ya Afrika ya Kusini ilikuwa ya pekee kwa habari za buibui wa bara letu. Ilimpa nafasi ya kuwaona wakiwa hai wanyama ambao mpaka hapo alikuwa amewafahamu zaidi wakiwa wamekufa katika pombe kali, rangi zao zimefifia na miguu yao imekatika. Kwa buibui wa familia Pholcidae tofauti hiyo ni kubwa sana, kwa sababu miguu yao hukatika kwa urahisi na umbo la utando wao haliwezi kutiwa chupani.

Jenasi Smeringopus

Familia Pholcidae ina spishi zaidi ya 1,800. Ni buibui wenye miguu myembamba mno, mara nyingi mirefu mara nyingi kuliko mwili. Huning'inia chini ya utando usio na mpango dhahiri au ulio na umbo la kuba, wakiwa migongo chini. Ukiwagusa, au ukipuliza tu, hujitikisa kwa kasi hata mwili hauonekani vizuri. Hawana madhara kwa watu. Hula mbu, nzi na wadudu wengine, na pia buibui wenzao. Jike hatundiki kifuko cha mayai katika utando. Huyafunga mayai kwa nyuzi chache tu na kuyabeba kwa mataya yake (kelisera) mpaka yaanguliwe, na muda wote huo hali.

Zamani karibu buibui wote wa namna hii waliingizwa katika jenasi Pholcus, iliyotengwa na Mfaransa mwingine, Walckenaer, mwaka 1805. Ndivyo ilivyokuwa kwa spishi ya kwanza ya Smeringopus kujulikana. Mwingereza Blackwall aliieleza mwaka 1858 kwa jina la Pholcus pallidus. Mwaka 1863 Vinson, aliyeandika juu ya buibui wa Réunion, Morisi na Madagaska, aliieleza tena kwa jina la Pholcus elongatus, bila kujua kwamba ni mnyama yuleyule.

Simon aliona kwamba buibui huyo na jamaa zake wa Afrika hawafanani vya kutosha na Pholcus wa Ulaya. Fumbatio lao ni refu kama silinda na lina madoa na mistari ya giza, macho yao manane yamepangwa kwa namna yake, yaani mawili madogo katikati na makundi mawili ya matatu pembeni, na viungo vya uzazi vya dume vina umbo tofauti. Mwaka 1890 aliwatenga katika jenasi yao na kuiita Smeringopus. Mwaka huohuo, katika kazi yake juu ya buibui wa Yemen, alitenga pia Ninetis, buibui wadogo sana wa familia hiyohiyo wanaoishi chini ya mawe na kati ya majani makavu, ambao baadaye walipatikana Afrika ya Mashariki pia.

Mwaka 1893 alichapisha sehemu ya kitabu chake kikuu inayohusu Pholcidae nzima. Humo alitenga jenasi nyingi kwa mara moja, zikiwemo Crossopriza, Leptopholcus, Modisimus, Physocyclus, Psilochorus na Metagonia. Crossopriza anajulikana vizuri katika miji ya joto: ana fumbatio lenye pembepembe, lililochongoka nyuma kwa juu, na tandabui zake hujaa haraka katika stoo, vyoo na chini ya vitanda. Leptopholcus ni mwembamba kama sindano na hujilaza chini ya jani la kijani hata asionekane.

Leo Smeringopus ina zaidi ya spishi 50. Karibu zote ni za Afrika kwa asili. Moja tu, S. pallidus, imeenea katika nchi za joto za dunia nzima, bila shaka ikisafiri na watu katika mizigo na meli. Nyingine, S. peregrinus, ambayo ilielezwa na Mnorwe Embrik Strand mwaka 1906, ni ya Afrika ya Mashariki na hupenda kuishi majumbani. Nyingi zaidi huishi porini, chini ya kingo za mito, kati ya mizizi ya miti mikubwa, katika mashimo ya wanyama na mapangoni. Nyumba ya mtu, kwa buibui huyu, ni pango jingine tu lililo kavu zaidi.

Kitabu kikuu

Kazi ambayo wataalamu wanaifungua mpaka leo ni toleo jipya la Histoire naturelle des araignées, lililotoka kwa vipande kati ya 1892 na 1903 katika juzuu mbili zenye kurasa zaidi ya 2,000. Kwa kweli halikuwa toleo jipya la kitabu cha ujanani bali kitabu kingine kabisa. Simon alijaribu kupanga familia na jenasi zote za buibui duniani katika mfumo mmoja, na kwa kila jenasi aliandika sifa zake, mahali inapopatikana na yaliyojulikana juu ya maisha yake. Mtu mmoja kufanya hivyo kwa kundi zima la dunia nzima ni jambo ambalo halikurudiwa.

Michoro midogo imetiwa ndani ya maandishi, lakini spishi mpya nyingi alizieleza kwa mistari michache ya Kilatini, mara nyingine chini ya ukurasa, bila mchoro wowote. Hapo ndipo malalamiko ya waliokuja baadaye yanapoanzia. Maneno kama "miguu ya hudhurungi, fumbatio refu lenye madoa" yanaweza kufaa spishi 20. Yeye mwenyewe hakuona shida, kwa sababu alikuwa na sampuli mbele yake na kumbukumbu iliyosifiwa na wote waliomfahamu. Wengine hawakuwa nazo. Ili kujua Simon alimaanisha nini, mtu hana budi kuomba kichupa chenyewe kutoka Paris.

Kazi juu ya Afrika ya Mashariki na pwani zake

Buibui wa Afrika ya Mashariki walimfikia Simon kwa njia kadhaa. Charles Alluaud (1861–1949), mwanaentomolojia Mfaransa aliyezunguka visiwa vya Bahari Hindi, alimletea buibui wa Shelisheli aliowakusanya mwaka 1892, na Simon akawaeleza mwaka uliofuata. Maurice Maindron alikusanya huko Maskati, Oman, mnamo Oktoba 1896. Makala ya Simon juu ya arakinida hao ilitoka mwaka 1897. Mwaka 1909 alitoa makala juu ya arakinida waliotoka katika safari ya Maurice de Rothschild nchini Ethiopia na Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya ya leo.

Milima ya Usambara ilikuwa habari nyingine. Ilikuwa ndani ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na tangu mwaka 1902 kulikuwa na taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia ya Wajerumani huko Amani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wanyama wa Usambara walikwenda kwa wataalamu wa Ujerumani na majirani zao, wala si Paris. Buibui waliokusanywa na Msweden Yngve Sjöstedt katika msafara wa Kilimanjaro na Meru wa 1905–1906 walielezwa na Albert Tullgren wa Sweden mwaka 1910. Mipaka ya makoloni ilichora hata njia za vichupa vya buibui.

Mlango ulifunguka kwa Wafaransa kupitia mapangoni. Mwaka 1911–1912 Alluaud na rafiki yake René Jeannel (1879–1965) walisafiri Afrika ya Mashariki na kuchunguza milima na mapango, pamoja na yale ya Mkulumuzi karibu na Tanga, eneo linalojulikana leo kwa Mapango ya Amboni. Jeannel alikuwa mmoja wa waanzilishi wa elimu ya viumbe vya mapangoni, na Simon alikuwa ameshaandika juu ya buibui katika mfululizo wake tangu mwaka 1907. Buibui wa msafara huo waligawanywa: Berland aliandika juu ya wale wa nje, na Fage pamoja na Simon wakaandika juu ya wale wa mapangoni. Vita Kuu ya Kwanza ilichelewesha mambo, na makala ya Fage na Simon juu ya buibui wa mapango ya Afrika ya Mashariki ilitoka mwaka 1922. Simon alikuwa na umri wa miaka 74.

Majina ya wenyeji waliowaongoza wageni hao mpaka kwenye milango ya mapango, wakashika taa na kubeba mizigo, hayamo katika majina ya spishi. Hiyo ilikuwa desturi ya wakati ule, na si ya Wafaransa peke yao.

Ndege

Simon alikuwa na penzi la pili, nalo lilikuwa ndege wadogo wa Amerika wa familia Trochilidae, wanaoelea hewani mbele ya ua wakinyonya maji yake matamu. (Wasichanganywe na chozi wa Afrika, ambao wana tabia inayofanana lakini si ndugu zao.) Alitoa orodha ya spishi zao mwaka 1897 na kitabu kikubwa, Histoire naturelle des Trochilidae, mwaka 1921. Inawezekana mtu akashangaa buibui na ndege hao wanakutana wapi. Labda jibu ni Venezuela, ambako wote wawili ni wengi.

Matatizo aliyoyaacha

Mfumo wa Simon ulitumika kwa vizazi, lakini si kila sehemu yake ilisimama. Katika Pholcidae alitilia maanani sana idadi na mpangilio wa macho. Kuna buibui wa familia hii wenye macho sita tu, kwa kuwa yale mawili madogo ya mbele yametoweka. Kwa muda mrefu wengi wao walitupwa katika jenasi moja, Spermophora, iliyotengwa na Mmarekani Hentz mwaka 1841. Baadaye ilionekana kwamba macho hayo mawili yamepotea mara kadhaa katika koo mbalimbali zisizo na undugu wa karibu. Macho sita hayakuwa alama ya ukoo mmoja, na Spermophora ilikuwa kapu tu la kutilia kila kitu.

Kapu hilo lilikuwa na buibui wa Tanzania ndani yake. Spishi mbili alizozieleza Tullgren mwaka 1910, globosa na ensifera, zilikaa humo zaidi ya miaka 90. Mwaka 2003 Bernhard Huber, mtaalamu wa Pholcidae wa jumba la makumbusho la Koenig huko Bonn, alizitoa na kuziweka katika jenasi mpya, Buitinga, pamoja na spishi nyingi ambazo hazikuwa zimejulikana kabisa. Ni buibui wadogo wa misitu ya milimani ya Afrika ya Mashariki, wanaoishi kati ya majani yaliyoanguka na mimea ya chini. Majina yao yanasomeka kama ramani: B. amani, B. mazumbai, B. uzungwa, B. ruwenzori, B. wataita. Wengine wana majina ya Kiswahili moja kwa moja, kama B. kadogo na B. tingatinga.

B. mazumbai amepewa jina la msitu wa Mazumbai katika Usambara Magharibi, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine. Msitu huo na ule wa Amani ulikusanywa buibui kwa wingi katika miaka ya 1980 na 1990. Buibui wa namna hii wako hatarini kwa sababu rahisi: spishi nyingi za Buitinga zinajulikana kutoka mlima mmoja au msitu mmoja tu, na hawana njia ya kuvuka mashamba na mabonde ya joto kwenda msitu mwingine. Msitu ukikatwa, spishi imekwisha, hata kama haijapata jina.

Smeringopus nayo ilibidi ipangwe upya. Mjerumani Otto Kraus aliifanyia kazi mwaka 1957, na Huber akaipitia yote mwaka 2012. Katika kazi hizo ilibidi kurudi kwenye sampuli za Simon huko Paris, kuchunguza tena viungo vya uzazi vya dume na jike kwa hadubini, na kuchora kile ambacho Simon alikieleza kwa maneno tu. Jenasi yenyewe ilithibitika. Mstari aliouchora mwaka 1890 ulikuwa mahali pake, ingawa hakuwa na habari hata ya nusu ya spishi tunazozijua leo.

Usambara na tambarare zake leo

Kati ya milima na tambarare kuna tofauti kubwa kwa buibui hawa. Mnazi, kata ya Wilaya ya Lushoto iliyoko kwenye nchi kavu chini ya Usambara Magharibi upande wa kaskazini, kuelekea Mkomazi na mpaka wa Kenya, ina joto na migunga, wakati saa chache juu ya mlima kuna ukungu na misitu yenye miti iliyofunikwa na kuvumwani. Jenasi za msituni kama Buitinga hazitegemewi huko chini. Anayetafuta Pholcidae katika nchi kavu ya namna hiyo atazame nyumbani, katika vyoo vya shimo, chini ya makalvati ya barabara, katika mashimo ya miti na kati ya mawe. Ndiko wanakokaa jamaa za Smeringopus, Crossopriza na Ninetis, yaani jenasi za Simon.

Mkomazi yenyewe, iliyokuwa pori la akiba kabla ya kuwa hifadhi ya taifa, ilichunguzwa katika miaka ya 1990 na Mwingereza Anthony Russell-Smith, aliyeorodhesha mamia ya spishi za buibui huko. Idadi hiyo iliwashangaza wengi waliodhani kwamba nyika ni maskini kuliko msitu. Katika orodha za namna hiyo sehemu kubwa ya wanyama hubaki na jina la jenasi tu, bila jina la spishi, kwa kuwa hakuna aliyezifanyia kazi tangu wakati wa Simon na wenzake.

Anayetaka kuanza hahitaji vitu vingi: kichupa chenye spiriti ya asilimia 70, karatasi yenye tarehe na mahali iliyoandikwa kwa penseli (wino huyeyuka), na subira ya kupata dume aliyekomaa, maana bila dume Pholcidae wengi hawatambuliki kwa uhakika. Dume hutambulika kwa pedipalpi zake, vile viungo viwili vifupi vya mbele, ambazo kwake zimevimba kama ngumi.

Kifo na kumbukumbu

Simon alifariki Paris tarehe 17 Novemba 1924, akiwa na umri wa miaka 76. Alikuwa bado akiandika. Mkusanyo wake, maelfu ya vichupa vyenye namba na vibandiko vilivyoandikwa kwa mkono wake, uko katika Makumbusho ya Taifa ya Historia Asilia ya Paris. Baadhi ya vibandiko vina majina ya spishi ambayo alikuwa ameyafikiria lakini hakuyachapisha. Kwa sheria za uainishaji majina hayo hayana nguvu, lakini watafiti wanaofungua vichupa hivyo wamekuta mara kwa mara kwamba mnyama aliyemtenga kwa jicho tu alikuwa kweli spishi mpya.

Chama cha kimataifa cha wanaaraknolojia hutoa tuzo yenye jina lake kwa mtu aliyetumikia elimu ya arakinida kwa maisha yake yote. Spishi na jenasi kadhaa za buibui zimepewa jina lake pia.